Kutafuta Nusu ya Wazazi

Jumatatu, 13 Oktoba

Umeme umekatika tena, na sketi ya shule ya mtoto wa jirani iko nusu. Bwawa la umeme la Nzilo liko pale tu, nasi tunakanyaga cherehani kwa miguu. Nimekanyaga mpaka adhuhuri. Bluu na nyeupe, bluu na nyeupe.

Mchana Direkta Ilunga, mkuu wa shule, akaja mwenyewe mlangoni, amevaa tai. Direkta akivaa tai siku ya kazi, kuna jambo. Inspekta wa elimu amepita shuleni. Shule inayopokea fedha za serikali lazima iwe na mkutano mkuu wa wazazi na komite, kamati iliyochaguliwa na wazazi wenyewe, mbele ya macho yake. Nusu ya nyumba za wanafunzi zifike, au zaidi. Pungufu ya hapo, fedha zinasimama. Atarudi mwisho wa wiki ijayo, siku tutakayomwambia.

Mimi ndiye prezidenti wa komite. Hakuna aliyenichagua. Direkta aliniweka mwaka jana kwa sababu nyumba yangu inatazamana na geti la shule. Nilifurahi. Bado nafurahi nikiitwa Mama Prezidenti, hata na vijana wa pikipiki. Humu hakuna anayesoma, basi niseme kweli.

Fedha zikisimama tutarudia mambo ya zamani: mzazi analipa, na asiyelipa mtoto wake anafukuzwa getini. Mimi nilifukuzwa. Nilisimama nje na mkoba wangu, wenzangu wanaimba ndani. Sitaki kuyatazama hayo tena kutoka dirishani kwangu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Natafuta siku. Kumbe kila siku ina mwenyewe.

Ijumaa ni yetu Waislamu. Jumapili ni ya makanisa, na makanisa ya hapa Dilala hayamalizi kabla jua halijachoka. Siku za kazi wanaume wako kilimani kwenye mashimo ya madini, na wake zao wako mtoni wanaosha mawe. Jumamosi asubuhi ni salongo, kufagia mitaro. Jumamosi mchana Waadventista wako kwenye ibada, na wachimbaji wanauza walichochimba wiki nzima.

Nimechagua Jumamosi ya wiki ijayo, baada ya salongo. Nitalaumiwa na wachache badala ya wengi. Waadventista wamenuna lakini wamesema watatuma mashangazi wasiosali nao.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimepita nyumba kwa nyumba. Miguu imevimba. Wote wananikaribisha, wananipa kiti, wananiita Mama Prezidenti. Halafu: tutaona, Mama. Mungu akipenda, Mama. Hilo "Mungu akipenda" nimelisema mwenyewe mara nyingi, najua maana yake.

Bibi mmoja aliyetoka Mutshatsha anakaa na wajukuu, nyumba imejaa. Akasema yeye hawezi kuja, yeye si mzazi. Wazazi ni nani? Mama yao amefariki, baba yuko mahali anachimba, hajui ni wapi. Nikamwuliza ni nani anawapikia. Yeye. Ni nani anawaogesha, ni nani anaamka wakikohoa. Yeye. Basi wewe ndiye mzazi, nikamwambia. Alinitazama kama ninamtania. Akasema kwenye mikutano huitwa watu wenye sauti.

Nimefikiria hilo njia nzima. Serikali inasema "wazazi" kana kwamba ni watu wanaokaa nyumbani wakingoja kuitwa. Hapa mzazi ni yule aliyebaki.

Kwa wengine jibu lilikuwa moja tu: mwulize Tata Kabamba. Baba huyu, Kabamba, ni mkuu wa shimo kubwa kuliko yote kule kilimani. Wachimbaji humwita Pedeje, kama mkurugenzi wa kampuni. Watoto wake wamejaa madarasa yote. Akisema twende, kilima kizima kinakwenda. Hajawahi kukanyaga shuleni.

Basi nitakwenda kwake.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimefanya kosa. Kosa la aibu.

Nilichukua pikipiki mpaka chini ya kilima. Nilijua mwiko. Nani asiyeujua? Mwanamke hakaribii mdomo wa shimo, madini yanakimbia. Binafsi siamini, lakini si lazima niamini ndipo niheshimu. Nikasema nitasimama kwenye vibanda vya wanunuzi, nimtume mtu amwite.

Mvua ikashuka. Mvua ya Oktoba haibishi hodi. Vibanda vilikuwa mbali, nikaona turubai la rangi ya machungwa limefungwa juu ya miti, chini yake magunia yamepangwa. Nikadhani ni duka lililofungwa. Nikakimbilia, nikakaa juu ya magunia, nikakamua kitambaa changu cha kichwa. Nikawa hata naimba kidogo.

Magunia yakatikisika. Kichwa cha mtu kikatoka chini karibu na goti langu, kimejaa matope, taa kwenye paji la uso. Nilipiga kelele. Naye alipiga kelele kuliko mimi.

Shimo jipya. Wamelifungua juzi tu. Nilikuwa nimekaa juu ya vichwa vya watu.

Wakatoka mmoja mmoja, hakuna aliyenigusa, hakuna aliyenitukana. Hilo lilinitisha zaidi. Wa mwisho alikuwa Kabamba, mtu mfupi, mpole wa uso.

"Mama, hapa si fasi ya mwanamuke kuikala," akasema. "Umefunga shimo yetu."

Sikuweza hata kutaja shule. Nimerudi kwa miguu, nimelowa.

Jumatano, 22 Oktoba

Kilima kizima kimesimama. Mashimo yanakutana chini kwa chini, kwa hiyo likifungwa moja, hakuna anayeshuka. Wanasema shimo litalala mpaka mwenye kosa aombe msamaha mbele yao na kuku mweupe. Wanaume wamekaa mitaani Dilala mikono mitupu. Wake zao hawana mawe ya kuosha. Watu wanaopita mbele ya mlango wangu wananyamaza, halafu wanaendelea kuzungumza wakishapita.

Direkta amekuja, safari hii bila tai. Habari mbaya zaidi ninayo mimi: Kabamba ametuma neno. Wachimbaji wote watakuja Jumamosi shuleni kuniondoa. Mwanamke asiyejua pa kukaa hataongoza shule ya watoto wao.

Direkta alishika kichwa. Akaniomba nimalize jambo hili haraka, kesho ikiwezekana, na kuku atanunua yeye.

Nilimfokea. Sikupaswa. Nilisikia uchungu kwamba yeye, aliyeniweka kwenye kiti hiki, anafikiria kuku tu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Baba Salima amepiga simu kutoka Kasumbalesa, lori lake liko kwenye foleni ya mpaka. Alicheka sana. Alipomaliza kucheka akasema niombe msamaha leo leo. Mtu haombi msamaha kwa sababu ya madini, alisema, anaomba kwa sababu ya watu. Ni kweli. Mume wangu ana akili akiwa mbali.

Nikavaa. Nikatoka mpaka barabarani, nikamwita mwenye pikipiki. Ndipo nikasimama pale pale kama niliyesahau kitu ndani.

Nikiomba msamaha leo, kesho watashuka. Wakishashuka kesho, Jumamosi watauza. Hakuna atakayekuja shuleni. Kwa wiki nzima nimetafuta kitu kitakachowatoa wanaume hawa kilimani, nikatafuta kwa heshima, kwa maneno matamu, kwa jina la serikali. Sasa kipo. Wamenikasirikia.

Nikamwambia mwenye pikipiki aende zake.

Ijumaa, 24 Oktoba

Sijalala vizuri. Naandika baada ya sala ya adhuhuri.

Wazee wawili wa msikitini wamejitolea kwenda kwa Kabamba kunisemea. Nimekataa. Wameshangaa, wamesema kiburi si uungwana. Nimekubali neno hilo likae juu yangu.

Linaloniuma si hilo. Nimemwona yule bibi wa Mutshatsha. Hana mtu kilimani, lakini huuza mihogo ya kuchoma kwa wachimbaji, na wachimbaji hawana kitu. Sufuria yake imejaa mihogo iliyopoa. Siku wanaume hawashuki, nyumba nyingi hazipiki bukari, ugali wetu. Mimi ndiye ninayezifanya zisipike, kwa kunyamaza. Nilimnunulia mihogo, akanishukuru, nikajisikia vibaya zaidi.

Je, nina haki? Njaa ya leo ili watoto wasifukuzwe kesho. Ukisema haraka inaonekana hesabu nzuri. Ukiitazama sufuria si nzuri. Nimechagua tu, na naogopa. Naogopa kufedheheka mbele ya mtaa, na naogopa pia kukosa cheo changu. La pili linanitia aibu kuliko la kwanza.

Jumamosi, 25 Oktoba

Walikuja.

Salongo ilipoisha wakaanza kuingia getini, wamevaa mashati yao ya kanisani. Kabamba mbele. Nyuma yao wake zao, maana hakuna mke anayekubali kuhadithiwa ugomvi. Mashangazi waliotumwa na Waadventista. Bibi wa Mutshatsha na wajukuu wake. Madawati hayakutosha, watu wakasimama madirishani. Nilimwona mchimbaji mmoja anaangalia juu, mahali bati lilipotoboka, akamwonyesha mwenzake kwa kidole. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuona paa ambalo mtoto wake hukaa chini yake.

Inspekta alihesabu nyumba. Akahesabu tena. Akamwambia Direkta: zimetosha, na zaidi.

Hapo nikasimama. Kuku mweupe nilikuwa naye ndani ya kikapu, wa kwangu mwenyewe, si wa Direkta. Nikamweka miguuni pa Kabamba, nikaomba msamaha mbele ya watu wa shimo. Nikasema nilikaa pale kwa kutojua. Halafu nikasema lile lingine. Kwamba Alhamisi nilikuwa tayari kuja, nikajizuia, kwa sababu ningekuja wao wasingekuja. Kwamba siku hizi zote nyumba zao zimelala na njaa na mimi nikijua. Nikasema fedha za shule zilitaka macho yao hapa, na sikuwa na njia nyingine, au sikuiona.

Mtu nyuma akaguna.

"Basi ulituvuta na kasirani yetu," Kabamba akasema.

"Ndiyo, Tata."

Akamtazama kuku. Akawatazama watu wake. Uso wake haukuwa na hasira tena, ulikuwa na kitu kibaya zaidi, alikuwa anafikiri.

"Musamaha tumepokea. Shimo itafunguka," akasema. "Lakini mutu wa akili kama hii, akikuwa mukubwa, atatuchezesha kila siku. Tutafute mwengine."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, na macho yakiniwasha.

Kura zikapigwa kwa mikono. Mikono yangu ilikuwa michache. Waliniangusha, wakamchagua Kabamba mwenyewe. Alikataa mara mbili. Mkewe akamwambia kwa sauti kwamba aliyekuja kumtoa mtu kwenye kiti asiogope kukikalia. Akakubali. Inspekta akapeana naye mkono na kusema shule iko sawa, fedha zitaendelea.

Direkta alitaka kunisemesha. Nilikuwa nimeshatoka.

Jumapili, 26 Oktoba

Sijashona. Nimelia asubuhi, nikafua mchana.

Nilipata nilichotaka. Hakuna mtoto atakayefukuzwa getini. Mbona najisikia kama mimi ndiye niliyefukuzwa?

Jirani ameniita Mama Salima. Jina langu la kawaida.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Wachimbaji wameshashuka, mihogo inauzwa.

Prezidenti mpya ameamua kwamba kila Alhamisi mzazi mmoja mmoja aingie darasani kwa mtoto wake, akae, asikilize. Inspekta hajaomba hilo. Kabamba anasema hawezi kusimamia kitu asichokiona, hata chini ya ardhi huwa anashuka mwenyewe. Leo ilikuwa zamu ya darasa la tatu, darasa la Salima wangu.

Nilivuka barabara tu. Mwalimu Odile, msichana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili, alinipa dawati la nyuma. Salima alikuwa mbele kabisa, peke yake, kwenye kiti kilichosogezwa mpaka karibu kugusa ubao. Nikadhani ameadhibiwa. Alikuwa anaandika, anainuka, anausogeza uso kwenye ubao, anarudi, anaandika.

Wakati wa mapumziko nikamwuliza mwalimu mtoto wangu amekosa nini.

"Hakukosa kitu, mama. Haone muzuri. Tangu mwezi wa tisa nilimuambia akuite," akasema. "Akaniambia: mama iko na kazi ya bazazi."

Kazi ya wazazi, nikarudia polepole. Mwalimu akaona, akaenda kuwanyamazisha watoto waliokuwa wamenyamaza.

Mganga hajigangi, ndivyo tunavyosema kujipa udhuru. Leo udhuru haukunitosha. Nyumba yangu ndiyo iliyo karibu na geti kuliko zote.

Tulirudi pamoja. Katikati ya barabara nikamshika mkono, nikamwuliza kama anauona mlango wetu umefunguliwa au umefungwa. Akakunja uso, akatazama kwa bidii. Akasema nimwambie mimi.

Kesho nampeleka hospitali, asubuhi. Leo amekaa karibu yangu kwenye cherehani, ananisomea kitabu chake, pua imegusa karatasi. Anasoma vizuri. Sikujua.