Mgomba Ndani ya Koti la Lazarus

Jumatano, 2 Machi 1966
Askari wawili wamekuja kwa Land Rover. Mume wangu Lazarus, askari mwenzao, hajulikani aliko. Lori la kikosi chake lilishambuliwa na mashifta, wale waasi wa mpakani, njia ya Wajir; wenzake wamepatikana, hai na wafu, yeye hapana. Nikauliza, basi amekufa? Wakarudia vilevile: hajulikani. Mtoto wetu Ayuma mgongoni analia tu. Hezekiah, mdogo wake Lazarus, aliwasindikiza hadi barabarani akakawia huko. Aliporudi ati hakuna jipya. Mbona hanitazami?

Jumapili, 6 Machi
Kanisani wamemwombea Lazarus kama mtu aliye safarini. Nimeshukuru sana. Kutoka tu, Hezekiah ananiambia nyasi za paa langu zimeoza, atazibadilisha. Paa limevuja tangu uhuru — leo ndiyo ameliona!

Jumatano, 9 Machi
Jirani yangu Jescah ametoka sokoni Lubao. Amemwona Kiprop, askari wa kikosi cha Lazarus, yuko livu, amepewa likizo, ananunua ndama. Alikuwa akiongea na Hezekiah. Nimemwuliza Hezekiah alikutana na nani huko. Ati hakuna. Mwongo! Kwa hasira nimetia mboga chumvi mara mbili.

Alhamisi, 10 Machi
Wazee wamekaa kwa mama mkwe. Mimi nimeitwa kupeleka chai tu. Wamekata shauri: Jumamosi tuzike mgomba badala ya mwili, roho yake itulie. Mgomba ukishafukiwa, Lazarus ni marehemu. Hata akirudi kesho yake, hapa si kwake tena, watu watamkimbia. Nami nitanyolewa kama mjane, kisha nirithiwe na Hezekiah. Naogopa. Mama mkwe hakupinga hata kidogo. Alikuwa anamjazia Hezekiah kikombe. Wamepanga wote!

Jumamosi, 12 Machi
Shimo tayari. Mgomba wameuvika koti la Lazarus, lile la harusi. Nani kafungua sanduku langu? Ninapoficha ufunguo anapajua mama mkwe peke yake.

Kiprop amekuja. Nilimshika mkono mbele ya watu wote, nikamwuliza kama aliiona maiti. Akamwangalia Hezekiah kwanza.

"Shemeji, mimi nilimwona akikimbilia vichakani. Kwa miguu yake. Si nilimwambia huyu ndugu yake pale Lubao?"

Nimeingia ndani na mtoto, nimetia komeo. Udongo wa kwanza lazima utupwe na mke, bila mimi hawafukii. Wananiita. Hezekiah anasema atavunja mlango. Nikiacha kuandika nitalia.

Kuna mtu amekaa chini huko nje, mgongo kwenye mlango. Mama mkwe. Anaongea polepole.

"Mama Ayuma, usifungue. Wakitaka kuingia, waniinue mimi kwanza."

Nataka kumfungulia mama, nimkumbatie. Mkono uko kwenye komeo — lakini je, Hezekiah ndiye amemtuma ili nifungue mwenyewe?