Nimekaribisha Wageni, Wateja Hawaji

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla hawajaifunga cherehani yangu kamba na kuipandisha basi, maana siku zinakwenda na mimi hapa Kihesa sina mtu wa kumwambia, jirani yangu Paskalina aliyenipa shauri la kwanza ndiye aliyenitia katika balaa hili bila kujua, na mama mkwe wangu sasa hanijibu hata salamu, nikimwambia kamwene, salamu ya kwao Wahehe, ananyamaza kama amesalimiwa na kuku.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Juliana, ana mwaka na miezi minane. Nilizaliwa Usukumani, wazazi wangu wakahamia Rujewa na ng'ombe wao nikiwa mdogo, huko ndiko nilikosoma mpaka darasa la tano, na huko ndiko alikonikuta mume wangu Liberatus alipokuja kufanya kazi kwenye ghala la mpunga, tukafunga ndoa kanisani, akanileta kwao Iringa. Siku ya kuondoka baba yangu alitoa ng'ombe wawili ikanunuliwa cherehani ya miguu, akaniambia, "Mbuke, unakwenda kwa watu usiowajua, hii ndiyo itakujulisha kwao." Ndugu mshauri, maneno hayo nikiyakumbuka nashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano, kwa sababu ni mwaka wa tatu huu na cherehani haijanijulisha kwa mtu.

Kushona najua, si kwamba nabahatisha, masista wa misheni kule Rujewa walinifundisha mwaka mzima, nashona gauni la mikunjo, nashona sare za shule, nashona suruali mpaka mifuko. Shida ni kwamba watu hawaji. Nyumba yetu iko nyuma ya mashine ya kusaga, unashuka kinjia kidogo, na kule barabarani kwenye vibaraza vya maduka wako mafundi wanaume ambao wako pale tangu zamani, mimi wananijua kwa jina moja tu, yule Msukuma wa kwa Kalinga, maana Kalinga ndilo jina la ukoo wa mume wangu. Tangu Februari nimeshona nguo nne, na mbili ni za Juliana.

Mwanzoni nilichukua ubao wa boksi la chai nikaupaka rangi, nikaandika kwa herufi kubwa KARIBUNI WAGENI, nikaupigilia pale kinjia kinapoanzia. Niliandika hivyo kwa sababu mama yangu kule Rujewa alikuwa anauza maziwa na alitufundisha kwamba mtu akija mlangoni kwako usimwite mnunuzi, mwite mgeni, ndiyo heshima, na akija mara ya pili mwite ndugu. Basi wiki haijaisha akaja mzee mmoja na mkoba wake, ametoka Mafinga, akauliza kitanda bei gani na kama maji ya moto yapo. Siku hiyo Liberatus alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Mke wangu, kumbe umefungua gesti na mimi hujaniambia." Tulicheka wote, hata mama mkwe. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka tumecheka katika nyumba hii. Ubao nikautoa.

Ndipo Paskalina akaniambia tangazo la gazeti linalipiwa lakini kuponi ya marafiki wa kalamu ni bure, nijaze tu na kuituma, gazeti linafika nchi nzima, watu watanijua. Gazeti lenyewe si hili lako. Nikajaza, jina Mbuke, wa Kihesa, Iringa, umri miaka ishirini na mmoja, kazi fundi cherehani, halafu pale panapouliza unapenda nini nikaandika, napenda kushona na kupokea wageni, wote karibuni. Ndugu mshauri, nakuapia mbele ya mtoto wangu, niliwaza watu wenye vitambaa.

Barua zikaanza kuja kwa sanduku la posta la ofisini kwa Liberatus, maana sisi hatuna letu. Wiki ya kwanza tano, wiki ya pili kumi na moja, mwisho zikafika arobaini na tatu, na zote za wanaume. Mmoja wa Tanga aliuliza mimi ni mrefu au mfupi, mwingine alitaka picha iliyopigwa nikiwa nimesimama, mwingine aliandika ana baiskeli mbili na hana mke. Mkubwa wa kazi wa Liberatus akamwambia mbele ya wenzake, "Ndugu Liberatus, mkeo anapata barua kuliko idara nzima, tumpe yeye sanduku sisi tuazime." Akarudi nyumbani na hizo barua kwenye mfuko wa saruji, akaziweka juu ya meza, akala chakula akiziangalia.

Nilimweleza, akanielewa nusu. Akakataza nisimjibu mwanamume yeyote, nikakubali. Lakini Jumamosi iliyofuata, mama mkwe akiwa nje anapukuchua mahindi, akaja dereva wa lori anaitwa Isakwisa, ametoka Tukuyu na mkungu wa ndizi begani, amevaa shati jeupe na viatu vya kung'aa. Akasema, "Shikamoo mama, hapa ndipo kwa Mbuke anayependa wageni?"

Mama mkwe akamuuliza, "Wageni wa nini?"

"Wa gazetini, mama. Mimi mmoja wao."

"Basi kaa," mama mkwe akamwambia, "mume wake anakuja sasa hivi akupokee."

Yule mtu alipomwona Juliana ananivuta khanga alielewa mwenyewe, akaomba radhi kwa adabu, akaacha ndizi, akaondoka karibu anakimbia. Ndizi zile hakuna aliyezila, ziliivia pale ukutani mpaka nzi wakajaa.

Liberatus alizitia barua zote jikoni zikaungua. Ilipona moja tu kwa kuwa nilikuwa nimeshaikata kuwa pateni ya kukatia kola ya gauni la Juliana, karatasi yake ilikuwa ngumu nzuri. Na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, mtu wa Idodi anaitwa Eliezeri, anasema wako kumi na wanane na kitambaa wanacho, wanaimba, wanataka kupendeza Krismasi, eti nije Idodi niwapime. Nikasema huyu ndiye mjanja wao, nikaitia mkasi.

Sasa mama mkwe ameamua, na Liberatus hakubishana naye, kwamba baba yangu aandikiwe aje Krismasi achukue cherehani airudishe Rujewa, na yule anayependa wageni akitaka aifuate. Liberatus aliposikia hivyo aliinama akafunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba. Mimi nampenda mume wangu. Usiku Juliana akilala naikanyaga cherehani bila uzi, ili tu niisikie. Nifanye nini watu waje? Paskalina anasema kosa ni lile gazeti kuwa na wasomaji wachache, nitume salamu redioni, huko wanasikiliza watu wengi zaidi. Jina langu usilifiche, hapa Kihesa wameshalijua lote.

Mbuke, Mama Juliana
Kihesa, Iringa
Oktoba 1977

JIBU LA MSHAURI

Mama Juliana, pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilitamani nikufinye sikio. Yote mawili unastahili.

Redioni usiende. Watu waliokusikia ni wengi kupita kiasi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatafuta fundi. Mtu anayefungua ukurasa wa marafiki wa kalamu anatafuta rafiki, na pengine zaidi ya rafiki. Ukimwita kule usishangae akija na ndizi badala ya kitambaa. Huyo dereva hana kosa, amekwenda alikoalikwa, tena kwa viatu safi.

Neno lililokuponza ni moja, na limekuponza mara mbili. Mama yako alikufundisha vizuri, lakini alikufundisha namna ya kumwita mtu aliyekwisha kufika mlangoni. Maziwa yalijitangaza yenyewe, watu waliyaona kwenye kibuyu. Wewe umeandika neno la mlangoni ukalipeleka barabarani, na barabarani "wageni" maana yake ni kitanda, na gazetini maana yake ni hiyo unayoijua sasa. Mwanamke ambaye mtoto wake amechana sare hatembei Kihesa akiuliza, "Wapi wanapenda wageni?" Anauliza, "Wapi wanashona?" Andika kile anachouliza yeye. FUNDI CHEREHANI, SARE ZA SHULE, NGUO ZA WATOTO, na mshale wa kushuka kinjia. Basi. Usiongeze neno.

Tena unaniandikia kwamba nyumba yako iko nyuma ya mashine ya kusaga kana kwamba ni msiba. Mwanangu, kila mwanamke wa Kihesa anasimama kwenye foleni ya mashine hiyo, ana debe kichwani na hana la kutazama. Mpe cha kutazama. Kesho mvalishe Juliana lile gauni lenye kola, nenda naye kusaga hata kama ni kisonzo, kipimo kidogo tu cha mahindi, mwache akimbie kati ya watu. Gauni likiwa zuri watakuuliza nani ameshona. Usijibu kwa kuinama chini. Sema, "Mimi, hapo chini." Na anayekuita Msukuma wa kwa Kalinga muache akuite hivyo, mradi aseme Msukuma anayeshona. Hilo nalo ni jina la duka.

Sasa tuje kwenye kola yenyewe, maana ndipo ulipolificha jambo kubwa bila kujua.

Watu kumi na wanane. Wanaimba. Wanataka kupendeza Krismasi. Kitambaa wanacho, mwaka huu ambao maduka mengi hayana hata utepe. Wanaomba fundi aje awapime. Mbuke, hiyo ni kwaya. Kati ya barua arobaini na tatu alikuandikia mteja mmoja, na huyo ndiye uliyemwita mjanja. Fundi gani anashtuka akiambiwa apime? Ulitaka washonewe kwa kukisia? Nakuelewa, uliumwa na nyoka ukaogopa kamba. Lakini kamba hiyo ndiyo ingekuvuta kutoka shimoni.

Toa pateni, igeuze, unganisha vipande, tafuta anwani. Kama umeikata katikati, jina la kijiji na jina la Eliezeri vinatosha, barua ya kanisa haipotei. Mwandikie leo, umwombe radhi kwa kuchelewa, useme utakuja kupima pamoja na mume wako. Usiipeleke posta wewe. Mpe Liberatus aisome, kisha aipeleke posta mwenyewe, na anwani ya jibu iwe sanduku lile lile alilochekewa. Na uifuate. Usingoje jibu, lori la Idodi lipo, kwaya haihami.

Siwezi kukuahidi kitu. Barua hiyo ilikaa kwako muda mrefu, na Krismasi haingoji. Huenda mkifika mkawakuta wameshapata fundi mwingine, mkarudi na vumbi tu. Ukirudi na vumbi, ubao uwe umeshapigiliwa, na mtoto aendelee kuvaa gauni mashineni. Cherehani iliyokaa kimya miaka miwili haiamki kwa siku moja.

Ndugu Liberatus, najua utaisoma safu hii, mtu mwenye mke kama huyu hakosi kuisoma. Ulicheka siku ya gesti, na ulifanya vizuri. Ukanyamaza mama alipoamua, na hapo ulikosea. Mke wako hakutafuta wanaume, alitafuta kujulikana kwa watu wa kwenu, kazi ambayo ungemfanyia wewe kwa kumtaja fundi mbele ya wenzako ofisini. Mwambie mama yako kwa heshima kwamba baba mkwe anakaribishwa Krismasi, aje kula, na cherehani aikute inafanya kazi. Viatu visivyo na kamba usivifunge tena, simama useme.

Na wewe Mbuke, lile neno la mama yako usilitupe. Siku mtu wa kwanza atakaposhuka kile kinjia na kitambaa mkononi, mvutie kigoda, mpe maji, umwite mgeni.