Ubao wa Kwanza

Matogoro, Songea
4 Juni 2024

Mwanangu Zuhra,

Assalaam alaykum. Natumaini u mzima wa afya. Mimi sijambo, ila goti la kulia linanisumbua tangu baridi ianze.

Jana Optatus, konda wa basi anayetubebea barua, alinipa mfuko wako wa samaki wakavu pamoja na habari ambayo hukuiandika. Amewaona watu wanapima duka la baba yako kwa tepu, wengine wako juu ya paa. Mbona umejaza ukurasa mzima bei ya samaki? Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na moja, namjua mtoto anayeficha daftari.

Niambie ukweli. Na mlango ule usiguswe. Kaka yako Daimu akirudi, ni hapo tu Mtwara anapopajua. Nyumba hii nimehamia baada ya eda, yeye hajawahi kuiona.

Simu usinipigie, sikio halishiki. Andika.

Mama yako,
Subira


Mtwara
13 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillah. Pole na goti, nakutumia mafuta ya kuchua.

Ni kweli. Mwenye jengo alifariki na warithi wameliuza. Aliyenunua anataka kufungua mgahawa. Alikuja pia bwana mmoja wa mambo ya kale na kamera, akasema duka letu ni kati ya yale ya mwanzo kabisa, mji ulipochorwa kwenye karatasi kwa ajili ya bandari na mradi wa karanga wa Waingereza. Sura ya mbele haitaguswa: nguzo, baraza, ile 1951 pale juu, na mbao zetu kumi na moja za kufungia mlango. Watu wakapiga makofi. Nikamwuliza, na anayeuza humo ndani je? Akacheka.

Natakiwa nitoke mwisho wa Agosti. Nimepata kibanda jirani na soko, bati lake zima. Mama, hapa mvua inanyeshea unga wangu. Kila asubuhi natoa mbao kumi peke yangu, na ule wa kwanza umevimba tangu enzi za baba, wateja wanasema duka langu lina chongo. Nimechoka.

Na Daimu, mama, ni miaka saba sasa. Angekuwa wa kurudi, angerudi.

Mwanao,
Zuhra


Matogoro
20 Juni 2024

Zuhra,

Salamu nitakupa mwishoni, nikishapoa.

Ubao wa kwanza haukuvimba. Umesahau nani alikuwa akiutoa? Tangu ana miaka tisa ilikuwa kazi ya Daimu. Anasema bismillahi, anautoa, anauegemeza kwenye nguzo, ndipo baba yako anatoa nyingine. Hata ile namba moja aliikata yeye kwa patasi, ndiyo maana imepinda.

Siku waliyogombana, baba yako alimwambia akivuka Ruvuma kwenda Msumbiji asikanyage tena baraza ile. Kesho yake baba yako Bakili akatoa mbao kumi, ule wa kwanza akauacha. Nikamwuliza kulikoni. Akasema umevimba. Nikamwacha na uongo wake kwa sababu alikuwa analia. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mpaka tunamzika.

Ile ndiyo radhi yake, mwanangu. Kuitamka alishindwa. Daimu akikuta ubao wake umesimama mahali pake ataelewa bila kuambiwa. Wewe ukihamia kibandani, atakuta nini?

Haya, hujambo? Mafuta nimeyapata. Yananuka.

Mama yako


Mtwara
8 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya hiki. Kila nikianza kukujibu nachana karatasi.

Nimehama. Siku ya mwisho niliushika ubao wa kwanza. Ulitoka kama kijiko kwenye uji. Nikakaa barazani nikalia mbele ya wateja. Nilimchukia baba, nikamchukia Daimu, na wewe pia kidogo, kwa kunificha. Miaka yote nimezunguka pembeni ya ubao ule na magunia. Mimi ndiye niliyebaki, mama, na mimi sikuwa na ubao.

Hata hivyo nilimwomba fundi wa mgahawa anipe. Nikamwambia baba amefariki, ubao ni wa mama yangu, yuko Matogoro, Songea, anamsubiri mwanawe. Akasema mbao zote ni mali ya jengo, zitapakwa vanishi na kupigiliwa ukutani wageni wapige picha. Kwa sasa zimelundikwa barazani.

Niliandika namba yangu ya simu ukutani kwa mkaa, kwamba wa kwa Bakili tumehamia sokoni. Wakaipaka chokaa. Nikaandika tena, wakapaka tena. Leo nimepita hapo mara tatu bila sababu.

Mwanao,
Zuhra


Matogoro
12 Septemba 2024

Mwanangu Zuhra,

Hujambo mama? Mimi silali vizuri, na safari hii si goti.

Umesema kweli, na imeniuma. Nilikuachia duka, nikakuachia na kungoja kwangu, nikaja huku kuandika barua za ukali. Kosa ni langu.

Keshokutwa Jumamosi napanda basi. Nitaanzia kibandani kwako, niwekee kigoda. Kisha nitakwenda kukaa kwenye baraza ile mpaka huyo fundi anipe ubao, au anipigilie na mimi ukutani.

Mama yako


Tunduru
14 Septemba 2024, mchana

Zuhra,

Naandikia gotini, Optatus anaisubiri barua hii na dereva anapiga honi.

Tulipata pancha baada ya Namtumbo, nikalilaani tairi lile kwa saa mbili. Mungu anisamehe. Tulipofika hapa kwenye hoteli tukakuta basi la kutoka huko kwenu, konda wake anagombana na abiria kwa ajili ya ubao uliolazwa katikati ya viti, watu wanajikwaa. Niliiona namba kabla sijamwona mtu. Moja iliyopinda.

Ana mvi, Zuhra. Namba yako hakuiona, ukuta ulikuwa mweupe. Lakini fundi alimwambia baba amefariki na mama yuko Matogoro, maneno yako yale yale. Nikamwuliza, "Umeuiba?" Akasema, "Mama, huu wangu." Nimemweleza jinsi ubao ulivyobaki umesimama miaka yote. Ameushikilia tu, na wali wake umepoa.

Usije stendi kunipokea. Tunarudi nyumbani Matogoro, wawili. Funga kibanda utufuate, uje na patasi ya baba yako. Nitanunua ubao wa pili, uwe wako, na namba utaikata mwenyewe.

Mama yako,
Subira