Salamu Ndefu kwa Kifaransa

Kabula, rafiki yangu,

Kesho asubuhi naingia kwenye mtihani wa kuzungumza Kifaransa bila wewe. Hapa bwenini kila anayeniona anadhani nitaahirisha mwaka. Siahirishi.

Mtihani ni wa watu wawili wawili, na mwenzangu ulikuwa wewe. Mwalimu alitaka kunipanga na mwanafunzi mwingine, nikakataa, nikaomba anihoji yeye mwenyewe. Alinitazama kwa huruma. Huruma sikuitaka, Kabula, nilitaka jibu. Akakubali.

Mengine yaliyobadilika tangu ule ugonjwa wako wa sikoseli ulipokuzidi ni madogo. Kitanda chako kapewa binti wa mwaka wa kwanza, anakoroma huyo! Simu ni ileile yenye kioo kilichopasuka, na programu yetu ya Kifaransa bado inaniletea ujumbe kila jioni kwamba Kabula hajafanya zoezi. Siifuti akaunti yako. Ikae hapo hapo.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa kwenye mawe nyuma ya kwetu Pasiansi, tukichangia hedifoni, sikio moja lako, moja langu, na bando la kuungaunga? Ile sauti ya programu ikasema habari za asubuhi, na papo hapo ikataka kuagiza kahawa. Ulikasirika kwelikweli. "Huyu kalelewa wapi? Hata kuuliza nyumbani wameamkaje!" Tangu hapo ukawa huanzi zoezi mpaka tusalimiane kikwetu, kwa Kifaransa: watoto wameamkaje, ng'ombe je, mvua imefika huko, na mguu wa mama unaendeleaje. Programu inatuwekea alama nyekundu, wewe unapiga goti kama unamwamkia bibi, unaendelea. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini ndivyo nilivyojifunza kuzungumza. Kabla ya hapo nilikuwa nabonyeza tu.

Siku tuliyokuzika Sengerema nilimwamkia mama yako, akanishika mkono, hakuuachia. "Marahaba, mwanangu. Kile Kifaransa chenu usikiache."

Sasa sikia. Kesho mwalimu atanisalimia kwa kifupi, mimi nitamsalimia kwa kirefu, mpaka ng'ombe. Akitaka kupunguza alama, apunguze. Na akiniuliza za nyumbani, sitasema nzuri. Programu ilitufundisha kuuliza njia na kukata tiketi ya treni. Haikutufundisha kusema kwamba mtu amefariki. Sentensi hiyo nimeitafuta mwenyewe, na mwanzoni ilikataa kunitoka mdomoni, hata kwa Kiswahili. Leo nimeshuka ziwani nikaisema kwa sauti, nikairudia, mpaka kina mama wanaoanika dagaa wakanigeukia. Rafiki yangu Kabula amefariki. Nikalia, nikaisema tena. Sasa inatoka bila kukwama.

Majibu yakitoka, yawe mazuri yawe mabaya, nitavuka na kivuko nije kwenu. Nitamwamkia mama yako kwanza, nimwambie sijakiacha. Halafu nitakuja ulipolala, nipige goti, nikusalimie kwa Kifaransa, salamu nzima, bila kuruka kitu. Wewe pumzika tu, Kabula.

Upande wako nitaujibu mimi.

Rehema wako