Arusi ya Barafu Mwezi wa Kura

Tharkol, Baltistan

Mdogo wangu mpendwa Bilqis,

Pokea salamu za kaka yako, mtu ambaye serikali haithubutu hata kuozesha barafu bila kumwita. Mimi mzima, ila mgongo. Wewe hujambo? Na wanao, wanalionaje joto la Karachi?

Umeniandikia kwamba unataka kuuza chumba chako, urudi na watoto mlime fungu lenu la miaprikoti. Sikiliza kwanza.

Barafu ya mlimani inakwisha, mfereji umebaki uzi. Wazee wakakubaliana tufanye kama mababu: tuchukue barafu dume, ile nyeusi, na jike, ile nyeupe, tukaziozeshe pangoni kule juu baada ya mavuno, baridi ikianza, ili wajukuu waje wanywe. Waziri akasikia, akapendezwa mno, ila akaitaka arusi Juni. Mzee wetu wa barafu, Apo Hussain, akamwambia bibi arusi huyu hastahimili jua. Msaidizi wa waziri akamkata: “Babu, kura ni mwezi ujao! Hao wajukuu ambao hawajazaliwa watampigia nani?” Watu wakacheka. Mimi niliwashinda wote kwa kucheka.

Tukapanda. Mwiko unaujua: wabebaji hawasemi neno, na mzigo haugusi ardhi mpaka pangoni. Niliwaongoza mwenyewe, kifua mbele, vijana wananihemea nyuma. Penye kona ya mawe mekundu waziri akachoka, akataka picha papo hapo. Makapu ya barafu yakatuliwa chini, juani. Picha moja ikazaa nyingine, na maji yakaanza kuchuruzika makapuni. Apo Hussain, ambaye hajavunja mwiko tangu azaliwe, akafungua kinywa: “Hatukuozesha. Tumezika.”

Sasa bango limesimama njiani: mradi umekamilika. Nilipokwenda ofisini kuomba arusi ya kweli ifanyike baridi ikianza, kijana mmoja akanijibu, “Mjomba, si mmeshaoza? Mnataka mke wa pili?” Tangu hapo mfereji hausikiki tena. Aprikoti zinadondoka zingali mbichi. Jirani zetu wa chini wamefunga mlango wakaenda zao, hawakuaga.

Usiuze chumba, Bilqis. Baki huko huko.

Wabusu wanao, waambie mjomba anawaombea dua. Na gazeti lenye picha hizo likikufikia, usinitafute kwa wabebaji. Sikubeba hata kapu. Ule mkono nyuma ya waziri ndio wangu: nilimshikia mwavuli, jua lisimuunguze.

Ni mimi kaka yako,
Ghulam Mehdi