Miwani ya Mbali na Karibu

Mlabani, Ifakara

Octavian,

Salamu sikupi nyingi. Watoto hawajambo, na mpunga tumeshavuna.

Macho yalinisumbua, nikaenda kupima. Daktari akanishauri miwani moja ya kuonea mbali na karibu. Ni ghali, kwa hiyo nikauza pikipiki uliyoiacha ulipomfuata yule mwanamke Malinyi. Nikachagua fremu nyekundu. Dada yako Aurelia akaguna, "Wifi, mwanamke aliyeachwa anampambia nani?"

"Najipambia mwenyewe."

Jumapili ulikuja kuniomba nikupokee, baada ya yule kukufukuza. Nilikutazama tangu uko barabarani mpaka ulipopiga magoti miguuni pangu. Nilidhani nitalia. Nikaona aibu tu, kwamba mtu mdogo hivyo niliwahi kumlilia.

Usije tena.

Brigitha