Somo la Kundi la Kwanza

Nyumba za Walimu, nyuma ya maabara,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko kwenye baridi? Kile kikohozi kimekuacha, au bado mnaishi pamoja kama mke na mume? Wifi yangu na mtoto wanaendeleaje? Sisi huku wazima. Shemeji yako yuko chini ya sinki anahangaika na bomba la jikoni, analitukana kwa heshima kwa sababu ni Jumapili.

Mimi pia mzima, ukiniangalia kwa nje. Nakula, nalala, napimwa damu kila daktari anaponiita. Mikono inatetemeka kidogo na kiu haiishi. Ndani kumetulia tu, kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Siumii. Wala sifurahi.

Uliniuliza kwenye simu nitaziacha lini hizi dawa ili dada yako wa zamani arudi. Nilishindwa kukujibu kwa mdomo. Ngoja nikueleze yaliyotokea shuleni.

Tangu nilipougua, nilipoacha kulala nikachora jedwali la elementi ukuta mzima wa sebule, sikuruhusiwa kugusa kemikali. Nilifundisha kwa chaki tu. Jumatano mkuu wa shule akaamua kunipima. Alikuja maabara, akakaa nyuma kabisa, mikono kifuani. Mama yule hana maneno mengi. Ningeboronga, funguo za kabati la kemikali zingebaki kwake.

Nilidondosha kipande cha lithiamu kwenye beseni la maji. Kikaelea, kikatoa mapovu taratibu, kikaisha. Sodiamu ikajiviringa kuwa tone, ikakimbia huku na huku. Nikawaeleza wanafunzi kwamba kadiri unavyoshuka kwenye kundi hili la kwanza la jedwali, atomu inazidi kuwa kubwa, ile elektroni ya nje inakaa mbali na kiini, kwa hiyo inaponyoka kirahisi zaidi.

Ikaja zamu ya potasiamu. Mtunza maabara alikuwa amekata kipande kikubwa kuliko nilivyomwagiza. Kiliwaka zambarau, kikapasuka, kichembe kikaruka juu ya kioo cha kinga na kutua kwenye daftari la msichana wa mbele. Darasa zima likapiga kelele. Mwenzake akanyakua jagi la maji.

"Weka chini hilo jagi," nikasema. "Maji yataichochea."

Nikamwaga mchanga juu ya daftari mpaka moto ukafa, nikamkagua msichana vidole, nikaimalizia sentensi niliyoikatisha. Nilijipekua kutafuta hofu, sikuiona.

Msichana huyohuyo akauliza, "Sasa lithiamu ni ya kazi gani, mwalimu? Mbona imepoa hivyo?"

"Chumvi yake ni dawa," nikamjibu. "Inamtuliza mtu ambaye akili yake imepanda na haitaki kushuka. Mimi naimeza asubuhi na jioni."

Kule nyuma mkuu alikuwa ameshaikunjua mikono. Msichana akanitazama kidogo, akapangusa mchanga, akaandika kwenye ukurasa ambao haukuungua.

Kengele ilipolia mkuu alinikabidhi funguo. "Moto ulipowaka mimi nilishafika mlangoni, mwalimu," akasema, "tena viatu mkononi."

Nilipomsimulia shemeji yako, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nami nikaisubiri furaha, haikuja. Lakini funguo ninazo, na kesho naanza kundi la saba, ambako mambo yamegeuka: wa juu ndiye mkali.

Kwa hiyo, mdogo wangu, siachi. Yule dada uliyemzoea alikuwa na vituko, alituchekesha sote, hata mimi namkumbuka. Ila siku ile asingemwaga mchanga. Angesimama pale akiushangilia ule moto.

Msalimie wifi, nibusie mtoto na umwambie shangazi yake anamuulizia. Shemeji yako anakusalimu kutoka chini ya sinki. Mungu awatunze huko mliko, na akuondolee hicho kikohozi.

Ni mimi niliyepo, akupendaye vilevile,
Dada yako